Klabu za mpira za nusu kulipwa Kanada: zinavyolea vijana wa kwao, na anachopaswa kujua mzazi wa visiwani

SUALI:

Sheikh, tuna kijana wa miaka 16, yupo kidato cha tatu, na mpira anaujua. Amejitokeza mtu anayejiita wakala, anasema klabu moja ya Kanada inamtaka. Anasema klabu hiyo si ya kulipwa kamili, ni ya nusu kulipwa, na kwamba itamsomesha na kumpa posho. Ila tutangulize pesa za usajili na viza. Baba yake yuko tayari kuuza kiwanja, mama yake hataki. Je, klabu hizi ni za namna gani, na inafaa kumpeleka?

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Ama ba'd. Wanazuoni wetu wametufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Kwa hiyo tutaanza na kuieleza klabu yenyewe, kwani muulizaji akiijua vizuri, sehemu kubwa ya jawabu ataipata mwenyewe kabla sijafika kwenye hukumu.

Katika mpira wa miguu yuko mchezaji wa ridhaa, ambaye hapati zaidi ya gharama zake, na yuko mchezaji wa kulipwa, mwenye mkataba na mshahara. Klabu za nusu kulipwa zinakaa kati ya hawa wawili. Ndani ya timu moja utawakuta wachache wanaopewa kitu kidogo. Waliobaki ni wanafunzi wa vyuo, mafundi, madereva na makarani, wanaokuja mazoezini jioni baada ya darasa au kazi. Wengi wao hawana mshahara kabisa. Kanada ligi za aina hii zimepangwa kwa majimbo: Quebec walianza mwaka 2012, Ontario mwaka 2014, British Columbia mwaka 2022, kisha Alberta wakafuatia.

Nitachukua mfano mmoja, Sigma FC ya Mississauga, kwa sababu ni klabu ndogo iliyotoa watu wakubwa, na njia waliyopita vijana wake inaonekana wazi. Mississauga ni mji ulio pembeni mwa Toronto upande wa magharibi, na uwanja mkubwa wa ndege wa Toronto uko huko. Ni mji wenye Waislamu wengi na misikiti mingi, na jamaa zetu kadhaa kutoka visiwani wameweka makazi maeneo hayo. Klabu hucheza kwenye uwanja ulio katika kituo cha michezo chenye jina la Paramount Fine Foods, migahawa ya chakula cha Kilebanoni cha halali. Nalitaja hili kwa kuwa wapo wanaodhani kijana wa Kiislamu akiingia viwanja vya huko hatakuta hata sambusa ya kula.

Sigma ilianzishwa mwaka 2005 kama kituo cha kufundisha watoto, haikuanza kama timu ya kushindania vikombe. Jina ni herufi ya Kigiriki, na miongoni mwa waanzilishi ni kocha Bobby Smyrniotis, Mkanada mwenye asili ya Kigiriki. Ligi ya jimbo, iliyoitwa League1 Ontario, ilipoanza mwaka 2014, Sigma ilikuwa miongoni mwa timu za mwanzo. Hapo ndipo ilipopata kile kilichokuwa kikikosekana, nacho ni mahali pa kumchezesha kijana mwenye miaka 17 au 18 dhidi ya watu wazima.

Mtu asiyeujua mpira wa Kanada hataona uzito wa jambo hili, basi nifafanue. Ligi yao ya taifa ya kulipwa ilivunjika mwaka 1992, na nchi ikakaa miaka 27 bila ligi kuu yake, mpaka Canadian Premier League ilipoanza mwaka 2019. Katikati ya kipindi hicho klabu tatu za Kanada ziliingia katika ligi ya Marekani: Toronto mwaka 2007, Vancouver mwaka 2011 na Montréal mwaka 2012. Klabu tatu kwa nchi nzima ile! Mtoto wa Brampton, mji jirani na Mississauga, angeweza kuwa hodari akiwa na miaka 14, akasifiwa na kila mtu, kisha akifika 18 asipate timu ya kuchezea. Vipaji vingi hupotea katika umri huo, na kinachovipoteza ni kukosa mahali pa kwenda, wala si uvivu. Timu ya nusu kulipwa imewekwa hapo kama daraja.

Utaratibu wake ni huu. Mtoto anaishi kwao na anasoma skuli ya mtaa wake. Akitoka skuli mchana, jioni anapelekwa mazoezini na mzazi wake, na usiku analala kwenye kitanda chake. Baridi ikiingia na theluji ikafunika viwanja, mazoezi huhamia ndani ya mahema makubwa yanayosimamishwa kwa hewa. Akikua na kuonekana yuko tayari, hupandishwa timu ya wakubwa, ambayo msimu wake unaangukia zaidi miezi ya joto, vyuo vikuu vikiwa vimefungwa. Hilo limepangwa makusudi. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji hodari, lakini kwa miaka mingi kanuni zao zimemkataza mwanafunzi kucheza kama mtu wa mshahara. Kijana akicheza klabu ya nusu kulipwa wakati wa likizo bila ya kulipwa, anapata mechi ngumu na nafasi yake chuoni haiharibiki. Kwa hivyo kule kutolipwa, ambako wakala wa muulizaji amekuficha kwa neno "posho", ndiko kunakomlinda kijana asipoteze masomo yake.

Tuwatazame waliopita hapo. Cyle Larin, mtoto wa Brampton, alitoka Sigma akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2015 klabu za ligi ya Marekani zilipokaa kuchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, yeye alichaguliwa wa kwanza kabisa, na Orlando City. Msimu huo huo alifunga mabao 17, ambayo ilikuwa rekodi kwa mchezaji mgeni wa ligi ile. Baadaye alicheza Uturuki, Ubelgiji na Hispania. Richie Laryea alisoma Chuo Kikuu cha Akron, akachaguliwa wa 7 mwaka 2016. Tajon Buchanan, naye wa Brampton, alisoma Syracuse, akachaguliwa wa 9 mwaka 2019, na kufika Januari 2024 alikuwa amesajiliwa na Inter Milan ya Italia. Kanada ilipocheza Kombe la Dunia Qatar mwaka 2022, kwa mara ya pili tu katika historia yake baada ya mwaka 1986, wote watatu walikuwemo kikosini. Klabu moja ya pembeni mwa mji, isiyolipa mishahara, imetoa wachezaji watatu kwenye kikosi kimoja cha Kombe la Dunia.

Lakini hesabu hiyo isitulevye. Tangu mwaka 2005 watoto waliopita pale ni wengi sana kuliko hao watatu, na wengi wao leo ni wahasibu, walimu na mafundi. Napenda klabu hii zaidi kwa ajili ya hao wasiojulikana. Hawakuacha skuli, wala nyumba zao hazikuuzwa. Wakala atakuonesha picha ya Larin, hatakuonesha darasa zima alilokuwemo Larin.

Mwaka 2019 ilipoanza ligi mpya ya taifa, Smyrniotis alichukuliwa kuifundisha Forge FC ya Hamilton, mji ulio mwendo wa saa moja hivi kwa gari, naye akawachukua vijana wake wa zamani wa Sigma, wakiwemo Kyle Bekker, aliyefanywa nahodha, na mlinda mlango Triston Henry. Forge ikatwaa ubingwa mwaka 2019, 2020, 2022 na 2023. Kanuni za ligi hiyo zinalazimisha klabu kuwapa dakika za kucheza vijana wa Kanada walio chini ya miaka 21, na ilipoanza ziliweka wachezaji wageni wasiozidi saba kwa klabu. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kanada nao huchaguliwa, wakacheza miezi ya joto kisha wakarudi darasani. Tena tangu mwaka 2018 mabingwa wa ligi za majimbo hupata nafasi ya kukutana na klabu za kulipwa katika kombe la taifa. Utaona mfumo wote umejengwa kwa ajili ya mtoto wa pale. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Mtu kulea watoto wa mtaani kwake ni jambo jema.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa miaka 16.

FIFA ina kanuni za uhamisho wa wachezaji, na kifungu cha 19 kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyengine. Vipo vibali vichache vya kutoka kwenye katazo hilo. Mmoja ni wazee wa mtoto kuhamia nchi ile kwa sababu isiyohusiana na mpira, mfano kazi. Mwengine ni kwa nchi za Ulaya baina yao, kwa walio kati ya miaka 16 na 18. Upo wa wanaoishi karibu na mpaka, na upo wa wanaokimbia nchi zao kwa kuhofia maisha yao. Upo pia wa mwanafunzi aliyekwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kwa muda usiozidi mwaka, na huyo klabu yake iwe ya ridhaa tupu. Kijana anayeishi hapa na wazee wake, akaitwa Kanada kwa ajili ya mpira, hamo katika hata mmoja.

Na kanuni hii si ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2014 FIFA iliiadhibu Barcelona kwa kusajili watoto wa nje, ikazuiwa kusajili madirisha mawili. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Real Madrid na Atlético Madrid, na mwaka 2019 Chelsea. Kama klabu zenye mawakili wa kila aina hazikupenya, ni vipi atapenya mtu mwenye simu mbili na koti?

Mtu anaweza kusema: mbona Alphonso Davies alizaliwa Afrika? Ni kweli, alizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya wakimbizi ya Buduburam, Ghana, kwa wazee wa Kiliberia. Lakini mpira haukumpeleka Kanada. Wazee wake walipelekwa na ukimbizi, naye akiwa mtoto mdogo mikononi mwao, akakulia Edmonton kama watoto wa huko. Ukichunguza mifano mingi ya vijana wa Kiafrika waliotokea klabu hizi utakuta ndivyo hivyo hivyo, familia ilitangulia na mpira ukaja baadaye.

Hata angekuwa na miaka 18, bado lipo suali la akili ya kawaida. Klabu ambayo wachezaji wake wengi hawana mshahara itamwombea mgeni kibali cha kazi kwa kazi gani? Na kumsomesha kutoka mfuko upi? Vituo vya mpira Ontario kwa kawaida huendeshwa kwa ada wanazolipa wazee, na ada hizo hufikia maelfu ya dola kwa mwaka. Wazazi wa huko hulalamika sana kwamba mpira umekuwa wa wenye nacho, na hiyo ni aibu ya mfumo wao ambayo wenyewe wanaikiri. Sasa klabu inayomtoza mtoto wa jirani itamlipia mtoto wa ng'ambo ya bahari?

Kuhusu wakala, FIFA hutoa leseni kwa mawakala, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye mtandao wake. Anayeitwa wakala lazima jina lake liwemo. Anayetaka kumwakilisha mtoto lazima apate ridhaa ya mlezi kwa maandishi na awe amesoma mafunzo maalumu ya kuwahudumia watoto. Muulizeni namba yake ya leseni, kisha muiandikie klabu yenyewe kwa anuani iliyo kwenye mtandao wa klabu, siyo ile atakayokupeni yeye. Pesa za "usajili" anazodai hazina msingi niujuao. Katika mpira, klabu inayomtaka mchezaji ndiyo hutoa pesa.

Na kwa kuwa tumetaja pesa, liko jambo ambalo viongozi wa timu zetu za mitaani wanapaswa kulijua. Mchezaji anapohamishwa baina ya nchi kwa malipo, asilimia 5 ya malipo hayo hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 mpaka 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15 klabu hupata robo ya asilimia moja, na kila msimu baada ya hapo nusu ya asilimia. Uhamisho ukiwa wa dola milioni moja, timu iliyomlea mtoto akiwa na miaka 14 inastahiki dola 2,500 kwa msimu huo, na iliyomlea akiwa na 17 inastahiki 5,000. Sharti ni kuwa alisajiliwa na kumbukumbu zipo. Timu inayomchezesha mtoto bila ya kumsajili, au kwa umri wa kupunguza, imejidhulumu yenyewe, na hilo la kupunguza umri ni uongo kisheria kabla ya kuwa hasara.

Imebaki hukumu, na sitairefusha. Mchezo wa mpira kwa asili yake ni halali. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishindana mbio na mama yetu 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), na aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki msikitini. Linaloharamisha ni linaloambatana nao. Kulipa pesa kwa ahadi ambayo mtoaji wake hana uwezo wa kuitimiza, na kanuni zenyewe zinaizuia, ni katika gharar iliyokatazwa, na akijua kwamba anadanganya basi anakula mali ya watu kwa batili. Baba ana haki ya kuuza kiwanja chake, lakini mtoto ni amana na mali ya familia ni amana, na mwenye kuijua hatari hii kisha akaingia hana udhuru. Mama kwa suali hili yuko sawa.

Kwa jamaa zetu walio Ontario, ambao watoto wao wanaweza kuingia klabu hizi kihalali kabisa, nina mambo ya kuwakumbusha. Katika miezi ya Juni na Julai jua la Toronto linazama kama saa 3 usiku, hivyo mazoezi ya jioni hayagongani na Magharibi. Alasiri iswaliwe kabla ya kutoka nyumbani. Tabu iko Disemba, jua likizama kabla ya saa 11 jioni. Hapo Magharibi hupita kijana akiwa njiani au ndani ya hema la mazoezi. Zungumzeni na kocha mapema. Dakika tano za kuswali kando ya uwanja si ombi kubwa. Ramadhaan ya mwaka 2015 mpaka 2018 iliwakuta katikati ya msimu, na saumu ya saa 17 hivi. Miaka hii imeingia kwenye baridi, siku ni fupi na ligi imesimama au ndiyo inajitayarisha. Ni wepesi wa kupita, utazunguka tena.

La kamari lina uzito zaidi. Kanada iliruhusu kubashiri mechi moja moja mwezi wa Agosti 2021, na Ontario ikafungua soko kwa makampuni mwezi wa Aprili 2022. Ligi ndogo ndizo zinazowindwa zaidi, maana mchezaji asiye na mshahara hushawishika kwa fedha kidogo. Si dhana tupu: kesi iliyosikilizwa Bochum, Ujerumani, ilifichua kwamba mechi ya nusu kulipwa iliyochezwa Kanada mwaka 2009 ilinunuliwa na wapangaji matokeo. Kijana afundishwe mapema kwamba kamari imeharamishwa kwa aya ya 90 ya Suratul-Maaidah, na kwamba hata kumpa mtu khabari za ndani ya timu ili abashiri ni kuisaidia. Jezi yenye tangazo la kampuni ya kamari, mimi naona asiivae, na aseme hivyo kabla ya kusaini, siyo baada.

Na kwa wenye mabinti wanaoulizia: mwaka 2007 msichana wa miaka 11 alitolewa kwenye mechi Quebec kwa sababu ya hijabu, na jambo likafika mpaka kwa watunga sheria za mpira duniani, ambao hawakumsaidia. Sheria ilibadilishwa rasmi mwaka 2014, na sasa hijabu inaruhusiwa uwanjani. Hukumu ya mabinti kucheza, na mbele ya nani, ina masharti yake na inastahiki jawabu mbali.

Kijana wenu amalize kidato cha nne. Kama bado anautaka mpira na matokeo yake ni mazuri, akifika 18 anaweza kuandika mwenyewe kwa makocha wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, aambatanishe picha za video za mechi zake na vyeti vyake. Barua hiyo haina ada ya wakala. Wasipomjibu, atakuwa na vyeti, na kiwanja kitakuwa pale pale.

Wallaahu a'lam.